Kitanda cha Asiye na Mtu

Katika miaka ishirini na miwili ya kupikia wazee wa watu, Tak Malrye alijifunza jambo moja ambalo halimo katika vitabu vya dini yake. Mzee anayetukana chakula, wiki hiyo hafi. Anayekushika mkono na kukusifia mapishi, huyo mrudie kesho yake asubuhi, na usiende peke yako.

Ndiyo maana alimpenda Mama Dalsu. Mji mzima haukuwa na mtu wa kutukana chakula kama yeye.

"Hii nini?" bibi huyo angeuliza, akifunua mkebe kwa ncha ya kidole kana kwamba kuna panya ndani.

"Supu ya soya, bibi."

"Soya imepita mlangoni tu, haikuingia. Nyie watu wa Njia mnaomba mpaka mnasahau chumvi."

"Chumvi daktari kakukataza."

"Daktari yupi? Yule mtoto? Mwambie aje anikataze mwenyewe, nimcharaze na ufagio."

Malrye angecheka mpaka ashike mbavu, achukue mkebe mtupu wa mara iliyopita, aende zake akisukuma kitoroli. Kulikuwa na milango kumi na tisa zaidi inayomsubiri, na mingi kati ya hiyo haikuwa na kicheko.

Dini yao wenyewe waliiita Njia, basi. Ilianzishwa enzi Wajapani walipoitawala Korea, na mtoto wa mkulima, na fundisho lake kubwa lilikuwa kwamba dunia imejaa vinyongo. Kila aliyedhulumiwa akafa na donge lake ameacha fundo, na mafundo hayo ndiyo yanayoleta vita, njaa na ndugu kutosemezana. Kazi ya binadamu ni kuyafungua moja moja, na hakuna kucha za kufungulia fundo kama sahani ya chakula. Basi wakajenga zahanati, wakajenga jiko la kupikia wazee wanaoishi peke yao, wakajenga nyumba ya wazee juu mlimani, nyuma ya ukumbi wa ibada. Watu wa mji wasio wa Njia walisema kelele zao za kuomba alfajiri zinachosha, lakini supu yao ni nzito. Mama Dalsu tu ndiye aliyebisha kuhusu supu.

Chakula kilipelekwa Jumanne na Ijumaa. Mkebe unaning'inizwa kwenye kitasa cha mlango ndani ya mfuko wa kitambaa, unachukua ule mtupu. Ukikuta wa mara iliyopita bado unaning'inia na uzito wake, usifungue mlango. Unarudi hatua tatu, unampigia simu Mwalimu Hyeon, yule mtawa mwenye sketi nyeusi na nywele za kufunga kisogoni aliyesimamia kazi zote za ustawi. Malrye alikuwa ameshapiga simu hiyo mara nne.

Watu walimsifu kwa moyo wake. Yeye alijua moyo huo umetoka wapi. Mama yake mzazi alikufia kijijini milimani, akakutwa siku ya tisa na mtu wa posta. Siku hizo tisa Malrye alikuwa jikoni kwa Njia akifunga mikebe ya mama za wenzake, na mwezi uleule wakampa cheti cha utumishi uliotukuka. Mganga hajigangi, ndivyo alivyojiambia, akakilaza kile cheti kifudifudi ndani ya droo. Mumewe alikuwa ameshafariki, watoto hakujaliwa. Akabaki na jiko.

Sasa turudi kwa Mama Dalsu. Jina lake hasa Eo Gapsun, umri miaka themanini na minne, mkazi wa chumba kimoja na jiko dogo kando ya reli iliyokufa. Miaka arobaini aliuza tofu, jibini ya soya, sokoni. Mwanawe wa pekee, Pyo Dalsu, alikuwa ameondoka miaka ishirini na saba nyuma, baada ya kuipoteza nyumba ya baba yake katika ufugaji wa kuku ambao kila mtu alimwambia asiuanze. Aliondoka asubuhi, hakuaga, na tangu hapo barua hakuna, simu hakuna. Mama yake alikataa kuhamia mtaa mwingine asije mtoto akarudi akapotea. Kila mwaka mpya na kila sikukuu ya mavuno aliweka bakuli la pili na kijiko cha pili mezani, akala peke yake, akaosha vyote viwili.

Vuli ile alianguka mara mbili. Mara ya pili alilala sakafuni siku moja na nusu, mguu umekwama chini ya meza, makaa yamezimika. Malrye ndiye aliyemkuta, Ijumaa saa tano asubuhi.

"Umechelewa," bibi alisema kutoka pale chini, midomo ya buluu. "Na leo umeleta ile samaki yako isiyo na ladha, nasikia harufu."

Malrye alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Alipotoka hospitali kumpeleka alikuwa ameshakata shauri: mwanamke huyu hatakufa sakafuni. Aliyekufa sakafuni mmoja alimtosha.

Bahati ikatokea. Nyumba ya wazee kule mlimani ilikuwa na vitanda vinane vya bure kwa wasio na mtu, na mwezi wa kumi kimoja kikawa wazi. Mwalimu Hyeon alikubali kukishikilia mpaka baada ya siku ya kusindika kabichi za baridi. Lakini majina yalipita ofisi ya kata, na sheria ya ofisi ilikuwa moja: ikiwa daftari la ukoo lina mtoto aliye hai, mtoto ndiye mtunzaji, kitanda hapati. Labda mama na mtoto wote wawili waweke alama zao kwenye fomu kwamba hawana uhusiano tena.

"Ni karatasi tu, bibi," Malrye alimbembeleza.

"Karatasi ndiyo iliyobaki. Mume sina, nyumba sina, meno sina. Nina karatasi moja pale ofisini imeandikwa Pyo Dalsu mwana wa Eo Gapsun. Unataka na hiyo niichane?"

"Nataka usife sakafuni."

"Sakafu ni yangu, kodi nalipa."

"Miaka ishirini na saba, Mama Dalsu! Mtu gani huyo?"

"Mtu aliye kazini," bibi alisema, na sauti yake ilikuwa kali kweli sasa, haikuwa ya mzaha. "Waandikie nimekufa ukipenda. Lakini usiandike mahali popote kwamba mwanangu kanikataa. Hajanikataa. Hajapata nafasi."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Malrye alikuwa hana mwana, kwa hiyo alidhani ni ukaidi wa uzee tu.

Akaanza kumtafuta Dalsu kimyakimya. Watu wa Njia wametapakaa nchi nzima na wanajuana kama watu wa ukoo mmoja. Aliuliza tawi la Busan, Busan wakauliza Geoje kwenye yadi za meli, na baada ya wiki tatu mpishi wa kantini akajibu: yupo, mtu wa vibarua, anakaa chumba cha kupanga chenye upana wa mikeka miwili, hana mke.

Malrye aliandika barua. Aliiandika siku nne. Ilikuwa barua nzuri, mtu mwenye damu asingeisoma akabaki amekaa. Alieleza bakuli la pili na kijiko cha pili. Alieleza sakafu. Akamalizia: njoo kabla baridi haijashika, mama yako anahesabu. Kisha akachukua ile fomu ya ofisi, akaikunja vizuri, akaitia kwenye bahasha ileile.

Mwalimu Hyeon aliiona ikiwa bado haijabandikwa.

"Dada Malrye, hizi ni mbili."

"Ndiyo, Mwalimu. Akija, kinyongo kimefunguka, mama kapata mtoto. Asipokuja, ataweka alama yake, mama kapata kitanda."

"Mtu unamwita au unamwachilia. Ukimwita, mwite kwa moyo mmoja. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Baridi haisubiri mafundisho, Mwalimu."

Dada Bongja, mpishi mwenzake mwenye mdomo usio na breki, alikuwa anamenya vitunguu saumu pale kando. "Mshika mawili, moja humponyoka," alisema bila kuinua macho.

"Wewe menya vitunguu."

Malrye alibandika bahasha. Alijiona mjanja. Wakati mwingine hasira inanishika nikifikiria bahasha ile, kwa sababu hakuna ubaya wowote ndani yake. Ilikuwa imejaa wema mpaka mdomoni.

Siku ya kusindika kabichi ua wa Njia ulijaa wanawake tangu asubuhi. Kabichi elfu mbili zilikuwa zimelala kwenye maji ya chumvi, pilipili nyekundu imerundikwa kwenye mabeseni, na kila mtu amevaa glavu za mpira mpaka kwenye viwiko. Kabichi hizo zikishapakwa hugawiwa kwa wazee mji mzima, ziwafikishe majira ya maua. Mvuke ulitoka midomoni, matusi ya utani yakaruka, na katikati ya hayo mwanamume mwenye koti la kazi akasimama getini na kasha la mapea kifuani.

"Namtafuta Bi Tak," alisema. "Mimi ni Pyo Dalsu."

Malrye alitupa kabichi aliyoshika. Alimkimbilia, akamshika mkono mwanamume asiyemjua, akaanza kulia mbele za watu.

"Kanawe kwanza!" Bongja alimpigia kelele. "Utampofua mwenzio na pilipili, hata mama yake hajamwona!"

Wanawake wote walicheka, na wengi walikuwa wanajifuta macho kwa mabega. Hata Mwalimu Hyeon alisimama ngazini amefumbata mikono. Siku kama ile ndiyo inayowafanya watu wa Njia waamke alfajiri miaka na miaka.

Njiani Dalsu hakusema mengi. Alikuwa na miaka hamsini na sita lakini alitembea kama wa sabini, na mkono wake wa kulia ulipungukiwa vidole viwili.

"Akili yake iko sawa?" aliuliza.

"Kuliko yako na yangu."

"Anakula?"

"Anatukana, kwa hiyo anakula. Usiogope, kaka. Mama ni mama."

Walipofika kwenye reli, Dalsu alibadilisha lile kasha la mapea kutoka mkono huu kwenda ule, akalirudisha tena.

Mama Dalsu alikuwa kizingitini akipepeta maharage. Aliinua uso. Malrye alikuwa amejiandalia mayowe, kuzimia, chochote. Bibi alimtazama yule mtu kuanzia viatu, taratibu, mpaka juu.

"Umekonda," alisema. "Vidole vyako viko wapi?"

"Mashine, mama."

"Na wewe ulikuwa unatazama wapi?"

Malrye aliziba mdomo kwa furaha. Bibi alishaingia ndani, anahamisha godoro, anafuta meza kwa mkono wa nguo, anasema kwa sauti ya kugombana kwamba watu wengine wanakuja bila taarifa, wanakuta mtu hana hata yai. Alichukua bakuli la pili rafuni. Akalitua mezani kwa kishindo.

"Kaa mama, nikuamkie," Dalsu alisema.

Bibi akakaa, akavuta sketi yake magotini, akanyoosha mgongo. Mtoto aliyekuwa mbali huwaamkia wazazi kwa heshima kamili: anapiga magoti, anaweka viganja sakafuni, anainama mpaka paji la uso liguse mikono. Dalsu alifanya hivyo. Alikaa chini kwa muda mrefu. Akainuka, akasimama wima.

Halafu akapiga magoti tena, akainama mara ya pili.

Aliye hai huinamiwa mara moja. Mara mbili ni kwa marehemu. Hakuna mtoto wa Kikorea asiyejua hilo, linafundishwa kabla ya kusoma, na mwili hulizoea kama unavyozoea ngazi za nyumba yako. Malrye alihisi baridi kwenye meno. Dalsu mwenyewe alifahamu akiwa bado chini, maana mabega yake yalikauka, na hakuinuka.

Maharage machache yalikuwa yamemwagika kizingitini. Bibi aliyatazama hayo.

"Unaniinamia kila mwaka?" aliuliza. Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Pamoja na baba," Dalsu aliiambia sakafu. "Siku yake ya kumbukumbu. Nawawekea wote wawili wali."

"Tangu lini?"

"Miaka kumi na miwili. Mtu wa sokoni nilikutana naye Busan. Akaniambia umekufa."

"Ukaja kuhakikisha?"

Ningependa kusema Dalsu alidanganya, ingekuwa afadhali kwa kila mtu. Lakini alikuwa amechoka, na watu waliochoka husema kweli.

"Hapana, mama. Niliona… nilipata usingizi siku ile. Nikasema basi, yamekwisha."

Bibi akaitikia kwa kichwa polepole, kama anayepokea chenji aliyoitarajia. Malrye alijaribu kuingilia, akasema ah, ni mazoea tu ya mwili, kaka kachoka na safari, maji yapo motoni, tule kwanza. Hakuna aliyemsikia.

"Kilichokuleta ni nini?" bibi aliuliza.

Dalsu aliingiza mkono ndani ya koti akatoa bahasha. Malrye aliitambua. Alitamani ardhi ipasuke.

"Wakiniandika mimi ni mtunzaji, hicho kidogo ninachopewa kwa ajili ya mkono huu watakikata. Chumba kitanishinda. Na wewe mama utakosa kitanda. Dada huyu kaeleza vizuri, sote wawili tuna faida." Akaikunjua fomu mezani kando ya bakuli la pili. Upande wake ulikuwa umeshajazwa. "Nilitaka nije mwenyewe. Kuituma kwa posta niliona haya."

"Sijui kusoma," bibi alisema. "Malrye, nisomee."

"Bibi, tuache leo…"

"Nisomee. Umeileta wewe."

Akasoma. Ilikuwa mistari sita. Kwamba mimi niliyetajwa hapo juu sijaonana wala kuwasiliana na mtajwa kwa miaka ishirini na saba. Kwamba hatuna mapenzi ya mtoto na mzazi kati yetu. Kwamba sitaki na siwezi kumtunza. Kwamba akifa sitaki kukabidhiwa mwili. Aliishia kwenye mstari huo wa mwisho, na bibi akasema, "Endelea," ingawa hapakuwa na kingine.

Dalsu alikuwa amekuja na kidau chake cha wino mwekundu. Alikifungua mwenyewe. Mama yake akachovya kidole gumba, akakibonyeza pale alipoonyeshwa, akakitazama, akakipangusa kwenye sketi.

"Haya. Sasa kula."

Dalsu alikula. Alikula wali wote na kabichi yote, ameinama, machozi yakidondokea bakulini, na mama yake akamtazama akila mpaka punje ya mwisho. Akamfungia maharage kwenye gazeti. Basi la saa kumi lilikuwa linakaribia. Mgeni husindikizwa mpaka njia panda, hata adui, lakini bibi hakunyanyuka alipokuwa. Malrye alimwambia, mama, mtoto anaondoka, msindikize.

"Wafu hawasindikizi wageni," alisema.

Kitanda kilipatikana ndani ya siku tano. Ofisi ya kata ilisema haijawahi kuona faili lililokamilika vizuri namna ile. Malrye alikuja na gari la Njia akidhani atapigana naye, alikuwa amejiandaa na maneno ya kutwa nzima. Mama Dalsu alikuwa tayari amekaa kizingitini na mfuko mmoja.

"Hutaki kubisha hata kidogo?"

"Nibishie nini? Mtu akishainamiwa hubebwa."

Kule mlimani palikuwa na joto, dirisha linatazama misonobari, na mhudumu wa zamu usiku na mchana. Hakuanguka tena. Alivaa alichovalishwa, akanywa dawa alizopewa, akakunja mikono wakati wa ibada. Wahudumu walisema hawajapata mzee mtulivu kama yule. Malrye alimpelekea chakula kwa mkono wake na kila siku akauliza, "Leo vipi, bibi?" na kila siku akajibiwa, "Kizuri. Asante."

Siku moja alitia chumvi makusudi, vijiko vitatu vizima, supu hata ng'ombe asingeilamba. Alikaa mbele yake anangoja tusi, anaomba tusi. Bibi aliinywa mpaka chini bila kukunja uso. "Kizuri," alisema. "Asante."

Malrye akashindwa kujizuia. "Nitukane basi! Nilikosea, najua, niliituma barua nyuma ya mgongo wako, nitukane tuyamalize! Nilitaka tu usife peke yako!"

Bibi alimtazama kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Macho hayakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Malrye kuliko yote.

"Mama yako walimkuta siku ya ngapi?"

Malrye hakuwahi kumweleza. Labda Bongja. "Ya tisa."

"Ulikuwa na fundo lako, mwanangu. Ukalifungua kwa kucha zangu." Akaweka kijiko chini. "Mimi sakafu ile sikuiogopa. Nilikuwa na mtu. Yuko kazini, hajapata nafasi. Miaka yote hiyo nililala na mtu huyo, na asubuhi niliamka naye."

Baada ya hapo hakuzungumza wiki mbili. Kisha Ijumaa moja, akiwa anafungwa vifungo vya sweta, akauliza, "Leo ya ngapi?"

"Tarehe, bibi?"

"Tangu aliponiinamia."

Malrye hakuhitaji kuhesabu. "Thelathini na tano."

Watu wetu tunaamini marehemu hubaki karibu na nyumba siku arobaini na tisa, hajui pa kwenda, na siku ya mwisho anasomewa maneno ya kumpa ruhusa. Mama Dalsu alitaka asomewe. Hakuomba kingine. Hakutaka kwenda sokoni, hakutaka mapea, hakutaka kuona reli. Alitaka maneno yake.

Mwalimu Hyeon alikataa katakata. "Maneno yale ni ya kumwambia mtu aachie. Ukimwambia aliye hai aachie, ataachia."

"Ameshaachia, Mwalimu. Anangoja kuruhusiwa tu."

"Dada Malrye, kuna mambo hatufanyi."

"Na kuna mambo tumeshayafanya," Malrye alisema, akainuka. Hakuwa amewahi kumjibu mtawa namna hiyo maishani mwake.

Siku ya arobaini na tisa theluji ilianguka tangu alfajiri. Baada ya chakula cha mchana Malrye alifunga mlango wa chumba, akaweka bakuli la maji safi juu ya kabati, akafungua kitabu. Bibi alikuwa amejivalisha nguo nyeupe aliyoitunza mwenyewe tangu ujana wake wa sokoni. Alikaa kitandani wima, viganja magotini. Malrye alisoma sehemu ya kusamehe, akasoma sehemu ya kuacha mali, akasoma sehemu ya kuacha majina ya watu. Hakuwa na sauti ya kitawa. Alisoma kama anavyosoma mpishi maelekezo kwenye gunia.

Mwisho kabisa panakuja mstari usiosomwa na mtawa. Huo ni wa mtoto. Alipozikwa mama yake Malrye, mstari huo ulisemwa na kaka yake, kwa kuwa yeye alishindwa.

Akasita. Bibi alingoja.

"Hapo anasema mtoto," bibi alimkumbusha.

"Najua."

"Basi sema. Nimechoka kukaa."

"Nenda, mama," Malrye alisema. "Usigeuke nyuma."

Mama Dalsu akashusha pumzi ndefu. Akajilaza, akavuta blanketi mpaka mabegani, akaugeukia ukuta. Malrye alipiga magoti kando ya kitanda akamshika kifundo cha mkono, vidole juu ya mshipa, akingoja usimame. Aliamini kabisa utasimama. Alisikia wahudumu wakipita na kitoroli cha chai, akasikia theluji ikianguka kutoka kwenye paa. Alikuwa anajiambia kwamba angalau huyu anakufa ameshikwa mkono. Kufika saa kumi bibi alikuwa anakoroma.

Asubuhi aliamka, akanywa uji wote, akasema asante. Ukimwita Mama Dalsu hakuitika. Ukimwita Eo Gapsun alitazama mlangoni kuona anaitwa nani. Aliishi miaka sita zaidi.